Mtoto Aliyeonekana Kifuani

Shangazi yangu hajui kusoma, na hilo si kosa lake, lakini siku ile aliamua kusoma picha ya eksirei. Aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota gamba la nyoka, akaielekeza kwenye jua la saa nne, akafumba jicho moja. Tulikuwa uani kwetu Kakese tunapukuchua mahindi: mama, wifi yangu na mimi. Shangazi akaigeuza picha juu chini, akaigeuza tena, halafu akaguna.

"Huyu hapa," alisema. "Kichwa hiki. Kimeshaungua, kimekuwa cheupe chote."

Wifi akaacha kupukuchua.

Ilikuwa picha ya kifua. Nilijua ni ya kifua kwa sababu nilikuwepo ilipopigwa. Mbavu zilionekana pande zote mbili kama dari ambayo haijapigwa mbao. Hata kuku waliokuwa wanadonoa mahindi yetu wangejua kwamba mtoto hakai kwenye mbavu. Lakini mimi ni mtu wa kuinama. Niliinama, nikaendelea kupukuchua, na usiku nikaandika kwenye daftari maneno makali sana ambayo hakuna aliyeyasoma. Huo ndio ushujaa wangu wa mwaka jana.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Alitoka Majimoto kwenye mpunga, akaletwa kwetu kwenye mahindi, na miezi miwili baada ya harusi kaka akaenda zake kupasua mbao upande wa Kasekese, akamwacha kwetu kama mzigo uliokabidhiwa stesheni. Alinizidi miaka mitatu tu. Mwezi wa tano akaanza kukohoa.

Kwenye nyumba yetu kikohozi cha mke mgeni si chake peke yake. Kila jirani aliyepita alikuwa na maoni. Mmoja alisema alikuja nacho kwao. Mwingine alisema ni moshi wa kuni zetu, hajauzoea, kana kwamba Majimoto wanapikia mbalamwezi. Wiki ya tatu mama akasema basi, twende hospitali mjini. Mimi nilikuwa likizo ya mwezi wa sita, kidato cha tatu, nikachukuliwa kwa sababu mimi ndiye msomi. Nyumbani neno hilo linatumika wanapotaka mtu wa kubeba kikapu na kusoma vibao vya milangoni.

Hospitali yenyewe siitaji. Daktari alimsikiliza wifi mgongoni, akataka makohozi, akaandika karatasi ya kwenda kupigwa picha ya kifua. Kwenye mlango wa chumba cha picha palikuwa na tangazo limebandikwa kwa plasta: MWANAMKE MWENYE MIMBA AMWAMBIE MPIGA PICHA KABLA YA KUINGIA. Mama hajui kusoma. Wifi amemaliza darasa la saba. Niliona macho yake yakifuata mstari ule hadi mwisho, kisha yakashuka kwenye miguu yake yakabaki huko.

Nilijua. Hakuna aliyeniambia, ila vitambaa vyake vya mwezi sikuviona kwenye kamba ya nyuma ya nyumba tangu mwezi wa nne, na mara mbili nilimkuta akimega udongo wa kichuguu akidhani yuko peke yake.

Sasa kwetu kuna desturi moja ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote cha uraia. Mke mgeni hasemi mimba yake ya kwanza kwa mdomo wake mbele ya mama mkwe. Anakaa kimya mpaka mama mkwe aone mwenyewe na aseme mwenyewe. Akitangulia kusema, anaonekana amejisifia jambo la chumbani mbele ya mkwewe. Watu wazima wenye akili zao, waliozaa watoto saba na nane, wanashika jambo hili kama amri ya mlimani.

Mpiga picha akatoka na orodha yake. Alikuwa kijana wa koti jeupe lililokosa vifungo viwili, na alikuwa na sauti ya muuza samaki.

"Nyie wanawake, kuna mwenye mimba hapa?"

Kwenye benchi tulikuwa watu kama kumi. Palikuwa na wanaume, palikuwa na mzee mwenye mguu uliofungwa bendeji, na palikuwa na mama, bega kwa bega na wifi. Hakuna aliyejibu. Akamnyooshea wifi kalamu.

"Wewe?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, ninao."

Mama akatikisa kichwa taratibu, ameridhika na mkwe mwenye adabu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili nimeshika kikapu. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, kumfuata yule kijana mlangoni na kumnong'oneza maneno mawili. Nilisoma tena lile tangazo badala yake. Nililisoma mara nne, utafikiri lingebadilika.

Mlango ukafungwa. Mpiga picha akaenda nyuma ya ukuta mnene wenye kidirisha kidogo, tukasikia mashine ikiguna, na wifi akatoka anafunga vifungo vya blauzi. Jioni tulipewa bahasha ya kaki. Daktari alisema si kifua kikuu, ni kikohozi cha kawaida kilichoingia ndani kidogo, akampa vidonge. Kikaisha kwa siku tisa.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa na kazi za kufanya. Wiki iliyofuata wifi alikimbia harufu ya maharage akatapikia nyuma ya banda la mbuzi. Mama alimwona. Akamsubiri arudi, akamwambia, "Mwanangu, kuanzia leo ndoo kubwa iache." Basi, mimba ikawa imetangazwa. Kwa siku nne nyumba yetu ilikuwa na furaha ya kimyakimya. Wifi aliniambia kwamba alikuwa anaongea na mtoto akiwa anafagia, na kwamba nisimcheke. Sikumcheka.

Siku ya tano akaja shangazi, dada yake baba, anayekaa ng'ambo ya barabara na ambaye hajawahi kukosa msiba wala sherehe. Mama akamwambia habari njema. Shangazi akakaa, akahesabu kwa vidole, akauliza kwenda hospitali ilikuwa lini. Halafu akaomba aletewe ile picha.

Hivyo ndivyo mtoto alivyoonekana kifuani.

Baada ya kumwona, shangazi alifungua mahakama. Alisema mwanamke aliyepigwa mwanga ule akiwa mjamzito huzaa mtoto asiye na macho, na wa namna hiyo ameshazaliwa. Mama akamuuliza wapi. Sumbawanga, akasema. Alimwona? Hakumwona, aliambiwa na aliyeambiwa. Nimegundua kwamba vituko vyote hutokea Sumbawanga, na nina hakika kuna watu Sumbawanga wanaosimulia kwamba vimetokea Mpanda.

Lakini shangazi si mjinga wa kila kitu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikuwa na swali moja ambalo lilinizuia kulala.

"Kama ule mwanga hauna sumu," alisema, "kwa nini yule kijana anakimbilia nyuma ya ukuta na kumwacha mgonjwa peke yake?"

Shangazi akasema kwamba mimba iliyoungua haibebwi hadi mwisho, itamwozea aliyeibeba tumboni. Ana mizizi yake, michungu, inachemshwa na kunywewa asubuhi kabla ya kula, na kufikia jioni tumbo linakuwa limejisafisha. Angeileta Jumamosi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeahidi kuleta mbegu za bamia. Mama akarudi kwenye mahindi yake. Shangazi ni dada wa mume, na mama hajawahi kumbishia tangu aolewe. Wifi naye angembishia nani? Angefungua mdomo wake kwa haki ipi?

Siku hiyo tulipoenda kisimani wifi alisimama katikati ya njia na ndoo yake ndogo.

"Wifi, wewe si unasoma sayansi? Niambie basi. Ameungua?"

"Sijui."

"Mnasoma nini sasa huko?"

Alikuwa haniulizi kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Nilimfuata mwalimu wetu wa fizikia, anayekaa karibu na shule na ambaye huvaa tai hata likizo. Nilimuuliza nikiangalia kandambili zake. Akanijibu kwamba mada ya mionzi ni ya kidato cha nne, mimi niko cha tatu, nisiruke. Kwa hiyo mtoto wa wifi angelazimika kuwa na subira, asubiri silabasi imfikie.

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Wifi alianza kutokula. Mama alikuwa anazunguka nyumbani akipanga vitu vilivyokuwa vimeshapangwa. Alhamisi asubuhi nilidanganya kwamba naenda kuazima kitabu, nikafunga ile bahasha kwenye keria ya baiskeli ya baba, nikaendesha hadi mjini. Mfukoni nilikuwa na karatasi niliyoandika swali langu na habari ya mizizi, kwa sababu najijua. Mbele ya mtu nisiyemzoea ulimi wangu huwa gogo.

Mpiga picha alikuwa amekaa kwenye benchi lake mwenyewe anakula muhogo wa kuchoma. Nikampa karatasi. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Mimba? Si niliuliza? Kwa nini hakusema?"

Nilikuwa sijaandika jibu la hilo. Nikasikia sauti yangu ikitoka yenyewe, nyembamba.

"Uliuliza mbele ya mama mkwe wake."

Akaacha kutafuna. Alitazama lile benchi refu, akatazama mlango, akatazama lile tangazo lake la plasta. Nadhani alikuwa anahesabu wanawake wangapi amewauliza kwa sauti ile. Sikumhurumia hata kidogo.

Kisha akafuta mikono, akaniita ndani, akaichomeka picha kwenye sanduku lenye taa. Bila koti la kujifanya mkubwa alikuwa anajua kazi yake. Akanionyesha mapafu, yale meusi. Alisema hewa inaupitisha mwanga wa eksirei na ndiyo maana pale huwa peusi. Kilicho kigumu au kilichojaa damu kinauzuia, na hicho ndicho hubaki cheupe. Cheupe si kuungua. Mahali palipozuiwa ndipo palipo peupe.

"Na hiki cha katikati?" nikauliza. "Kama kichwa?"

"Huo ni moyo, binti. Moyo wa wifi yako."

Kuhusu mtoto hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mionzi ni kitu cha kuogopa kwa akili. Ikiwa mingi, kama kwenye mashine za kutibia saratani au mtu akipigwa picha za tumbo tena na tena, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hasa miezi ile ya mwanzo anapojengwa ubongo na viungo. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa na kichwa kidogo au akili nzito, na wengine huweza kupata saratani baadaye. Ndiyo maana lazima waulize. Lakini picha moja ya kifua inaelekezwa kifuani, na kinachomfikia mtoto ni kidogo mno, kama kile tunachokipata wote kutoka ardhini na angani siku zinavyopita. Hata kama wifi angesema ndiyo, alisema, angemfunika tumbo na labda bado wangempiga picha kama kikohozi kilihitaji. Hakuna daktari mwenye akili anayetoa mimba kwa picha moja ya kifua. Mizizi ile ndiyo ingeweza kumuua, yeye na mtoto wake.

"Sasa wewe kwa nini unajificha?"

Akacheka kidogo. "Kwenu mnalima tumbaku?"

Nikamwambia jirani zetu wanalima.

"Anayechungulia bani la kukaushia tumbaku mara moja, moshi unamfanya nini? Atapiga chafya. Lakini anayelala humo kila msimu, miaka kumi, kifua chake utakisikia barabarani. Wifi yako amechungulia. Mimi nakaa humo."

Nikamwomba aandike yote. Akaandika nyuma ya bahasha, akagonga muhuri bila kuombwa. Anaijua nchi yake.

Jumamosi shangazi alikuja na sufuria yake mwenyewe, kana kwamba yetu ingeharibu mizizi. Dawa ilikuwa imeshachemka kwao, nyeusi, inanuka kama gome lililolala kwenye maji. Wifi alikuwa amekaa mkekani, amevaa khanga mbili, amekwishajiandaa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mama alikuwa anakatakata nyama ya mbuzi tuliyeletewa na mjomba.

Nikatoa bahasha, nikasoma maandishi ya mpiga picha. Nilisoma haraka na kwa sauti ya kuombea chakula. Shangazi akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba mchoma nyumba akiandika barua kusema nyumba haikuungua, wewe utaamini barua? Kusema kweli ilikuwa hoja nzuri, na muhuri wote ule ukawa kazi bure.

Akamimina kikombe. Wifi akanyoosha mkono akakipokea.

Sijui nilisimama vipi. Nakumbuka nimeitoa ile picha kwenye bahasha, nimepiga magoti mbele ya wifi, na nimembandika picha yake kifuani, mabega kwa mabega, mbavu kwa mbavu, kama mtu anayepima nguo kwa fundi.

"Shangazi, nionyeshe tena kichwa cha mtoto."

Akaweka kidole palepale alipoweka siku ile. Kidole kilikuwa juu ya titi la kushoto la wifi.

"Basi mtoto anakaa hapa?" nilisema. "Atazaliwa kupitia wapi, shingoni?"

Nikasikia mlio ambao sikuutegemea. Mama alikuwa anacheka. Alicheka na kisu mkononi, machozi yakamtoka, na nadhani hayakuwa ya kicheko tu. Akaingiza mkono kwenye beseni la nyama akautoa moyo wa mbuzi, akauinua pembeni ya picha. Umbo ni lile lile, na mlalo ule ule wa upande.

"Dada," alimwambia shangazi, "nimechinja na kupasua miaka yote hii kwenye nyumba ya kaka yako. Moyo naujua."

Shangazi akasema moyo wa mbuzi si wa mtu. Mama alikuwa ameshamgeukia wifi, na kicheko kilikuwa kimeisha.

"Yule kijana alikuuliza. Ulikuwa unajua?"

Wifi akatazama kikombe.

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukasema hapana kwa ajili yangu."

Wifi hakusema kitu, kama adabu inavyotaka. Mama akachukua kikombe mkononi mwake, akairudisha dawa kwenye sufuria ya shangazi, akaifunika, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani baada ya kukitumia. Akamwambia asante kwa usumbufu. Sijawahi kuona mtu akifukuzwa kwa heshima namna ile. Shangazi aliondoka na sufuria yake kichwani, akisema tusije tukamwita wakati wa kulia.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi kama ninavyoweza kuandika. Wifi aliamini mchana, usiku akaacha kuamini. Mara kadhaa alinigusisha tumbo lake akiniuliza kama hilo lililopiga ni teke la mtoto mzima au la mtoto mwenye kasoro, na mimi, msomi, nilijibu teke ni teke. Mama naye alibadilika kwa jambo moja tu. Wifi alipoitwa ndani kliniki, mama alibaki nje getini, mbali kabisa, amegeuza mgongo. Kliniki zote. Wakamuuliza manesi kwa nini haingii na mkwe wake kama wenzake, akasema jua ni zuri.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza, mvua ikipiga bati hata nesi hakusikika. Ni wa kike. Shangazi hatukumwita, kwa hiyo alifika wa kwanza. Akamfungua mtoto kwenye khanga bila kuomba, akamkagua macho, akahesabu vidole, akapima kichwa kwa kiganja. Uso wake ulianza kuonyesha huzuni ya mtu aliyetembea bure. Kisha akamgeuza, akaona juu ya makalio doa la bluu, kubwa kama jani la mchicha.

"Si hili hapa? Moto huu."

"Dada," mama alisema, "hata kaka yako alizaliwa nalo. Mama yenu alinisimulia mwenyewe."

Sasa niko kidato cha nne. Mada ya mionzi imefika wiki iliyopita, na mwalimu wa tai ametuamuru tunakili ukurasa mzima kutoka ubaoni bila kuueleza. Shangazi bado anakuja kila Jumapili. Mtoto akilia, anasema ni ile picha. Akilala sana, ni ile picha. Ana miezi mitatu, kichwa chake cha kawaida, anaona vizuri kabisa, na kila akimwona shangazi mlangoni anaanza kulia. Katika ukoo wetu huyo ndiye mwenye akili kuliko wote.